Redio ya Mjomba Inarudi Matema

Fundi wa Mtaa wa Msimbazi alipomaliza kukaza skrubu ya mwisho aliigonga ile redio mgongoni kwa kiganja, kama anayemruhusu mtoto akacheze. "Haina neno tena, dada. Ukisikia inakoroma, jua ni betri." Nikaifunga kwa doti ya kanga, kipande kimoja ndani na kingine nje, nikaitia kwenye kikapu. Nilipotoka, Kariakoo yote ilikuwa nyekundu na nyeupe. Tarehe 17 Mei 2025 Simba ilikuwa imefungwa 2–0 na RS Berkane kule Morocco, mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na marudiano yalipangwa Jumapili tarehe 25, Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Wenye nafasi walikuwa wanakata tiketi za boti kwenda Unguja. Mimi nilikuwa na tiketi ya basi la Mbeya.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ana miaka themanini na kitu, na macho yake yameshikwa na ukungu. Runinga kwake ni mwanga unaochezacheza tu. Miezi miwili kabla ya hapo redio yake ilinyamaza, akampa kijana wa kijijini aliyekuwa anakuja Dar aniletee. Tangu siku hiyo alinipigia simu kila wiki. Hakuiulizia redio hata mara moja. Aliuliza tu Simba inaendeleaje. Nilimwelewa. Simba ilikuwa inacheza fainali ya Afrika kwa mara ya pili tangu ianzishwe, na mzee yule hakustahili kuhadithiwa kesho yake.

Ni redio ya National ya bendi tatu, aliyoinunua kwa fedha ya mpunga kabla sijaanza shule. Kona yake moja imeyeyuka na kukunjana kama ngozi ya mtu aliyeungua. Ile kona ni kazi ya mkono wangu.

Jumamosi alfajiri nilikuwa Stendi ya Nane Nane, Mbeya, ndani ya kosta ya Kyela, kikapu mapajani. Kondakta alitaka kiende juu ya keria pamoja na magunia. Nilipokataa akanitoza nusu nauli ya mtu, nikalipa. Kutoka Uyole gari hugeuka kusini na kuanza kupanda. Isyonje kulikuwa na ukungu na viazi vya kwenye ndoo. Kiwira mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa kando ya lami hadi macho yanachoka. Mlima Rungwe ulijificha safari nzima.

Tukuyu nilishuka. Nauli ya hadi Kyela nilikuwa nimekwisha kuilipa, lakini sijawahi kupita Tukuyu moja kwa moja na sidhani kama nitaweza. Nikanywa chai ya maziwa stendi, nikatembea hadi Uwanja wa Tandale, kikapu begani. Ilikuwa mvua nyepesi ile isiyomzuia mtu wa Tukuyu kufanya jambo lolote. Vijana wanane walikuwa wanapiga penalti kwenye goli moja, na mmoja aliyekaa nje akanisogezea tofali nikae. "Mama, unamsubiri nani?" Nikamwambia nimekuja kuwaona Banyambala. Akacheka, lakini kwa heshima, akasema babu yake naye huwa anasema hivyohivyo.

Aliyezaliwa baada ya miaka ile inabidi aelezwe. Ligi ya taifa ilianza 1965, na ubingwa ulikuwa mali ya Dar es Salaam. Mseto ya Morogoro iliuchukua mwaka 1975, lakini kila ulipotoka mjini ulikuwa unarudi Kariakoo kama mbuzi anayejua zizi lake. Kisha Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa chai na ndizi na mvua, ikapanda daraja, na katika msimu wake wa kwanza, mwaka 1986, ikawa bingwa wa Tanzania. Haikungoja kuzoea ligi. Mashabiki waliiita Banyambala, yaani wanaume, na jina hilo likateremka mlimani hadi kwetu ziwani.

Nilikuwa na miaka tisa. Siku ya kwanza kulitamka jina hilo nilikuwa nimetumwa maji, nikarudi nimejitwika ndoo huku naimba "Banyambala! Banyambala!" Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini. "We mtoto wa kike, unawaita wanaume njiani wakufanye nini?" Watu wote uani wakaangua kicheko, na mimi nikaendelea kuimba kwa sababu niliona nimewafurahisha. Mjomba hakucheka. Aliniita barazani akanikalisha karibu na redio, akasema ukiitaja timu, uijue. Akanitajia majina ya wachezaji mmoja baada ya mwingine, nami nikawa nayarudia kama sala. Siku hizo Mjomba alikuwa mnazi wa Simba wa kufa na kupona, na wenzake walimchokoza: Stars wakikutana na Simba, wewe uko wapi? Alijibu, "Mwaka huu tuna mgeni nyumbani. Simba itanisubiri." Na kweli, msimu ule mzima aliiweka Simba kando, kitu ambacho hakukifanya tena.

Jambo moja nataka lieleweke: timu ile sikuiona. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na kutoka kwetu kwenda Mbeya kutazama mpira ilikuwa safari ya watu wenye fedha. Sikujua kama Godwin Aswile ni mrefu au mfupi. Sekilojo Chambua, aliyetoka Tukuyu Stars kwenda kuwa nyota wa Yanga, niliona sura yake gazetini nikiwa tayari msichana mkubwa, nikashangaa kwamba ana uso. Mpira kwetu ulikuwa sauti. Ulikuwa Ahmed Jongo na Charles Hilary wa Redio Tanzania Dar es Salaam, na kelele za watu nyuma yao zikipanda na kushuka kama mawimbi ya usiku. Charles Hilary alifariki tarehe 11 Mei 2025, wiki mbili kabla ya safari hii. Pale Tandale, juu ya tofali, nilimkumbuka zaidi kuliko mchezaji yeyote, kwa sababu watu wa aina yake ndio waliotuchezea mpira sisi tusioona. Walikuwa wanasema mpira uko upande gani wa uwanja, nani anaurusha, jua linampiga nani machoni.

Mimi nikaanza kuuchora. Nilikuwa nafagia mahali penye mchanga mbele ya baraza, nachora mstatili kwa kijiti, naweka kokwa za chikichi kumi na moja upande huu na vijiwe kumi na moja upande ule. Mtangazaji akisema mpira umekwenda wingi ya kulia, nasogeza kokwa. Mwanzoni wazee hawakunijali. Baadaye, siku moja Blantyre ikaingia katikati ya shambulizi (usiku na jioni redio ya Malawi ilikuwa inatupiga kwa nguvu kuliko Dar es Salaam) na sauti ya mtangazaji wetu ikazama. Mjomba akageuka akanitazama mimi. "Mwipwa, mpira uko wapi sasa?" Mwipwa kwa Kinyakyusa ni jina la kuitana pande zote mbili, mjomba na mpwa. Nikamwonyesha kokwa. Wazee saba wakainama juu ya mchanga wangu kuangalia hadi sauti iliporudi. Kama kuna dakika niliyozaliwa upya kuwa shabiki, ni ile.

Nikapanda kosta nyingine saa sita mchana. Kutoka Tukuyu kwenda chini mtu hushuka zaidi ya mita elfu moja kwa mwendo wa saa moja na ushei. Masikio yanaziba, sweta linavuliwa, migomba inaacha nafasi kwa michikichi na mikakao, na hewa inakuwa nzito kama ya jikoni. Kikusya nikabadili gari tena, nikaingia Noah ya kwenda Matema. Zamani kutoka hapo ilikuwa tope na kusukumana. Sasa ni lami, kilomita 39 kupita Ipinda. Ilikuwa mwezi wa mavuno. Mpunga ulikuwa umelala kwenye maturubai kando ya barabara, na kakao imeanikwa jirani yake, ile harufu ya uchachu iliyochanganyika na ya nyasi kavu. Mwanamke aliyekaa karibu nami alinusa, akaniuliza kama na mimi nimetoka siku nyingi. Nikamwambia, "Siku nyingi kidogo, mama." Akasema, "Ndaga," akanipa ndizi.

Watu wa nje hudhani watoto wanacheza mpira muda wowote wanaotaka. Kyela maji ndiyo yanayopanga ratiba. Mito minne, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inashuka kutoka milimani na kumwaga kwenye bonde moja, na ikifika Aprili bonde lote linaweza kuwa ziwa la pili. Hapo hakuna mpira. Watoto wanakaa kwenye matuta ya nyumba wanasubiri. Maji yakikauka mpunga unamalizia kuiva, unavunwa, na majaruba yanabaki na vishina vikavu. Msimu wetu ulianzia hapo. Tulicheza chandimu pekupeku juu ya vishina vile, vinachoma nyayo kama sindano, na aliyelia alirudi nyumbani.

Mpira tuliutengeneza wenyewe. Unachuma majani makavu ya mgomba, yale yaliyoning'inia na kuwa kahawia, unayakunja kwa ndani hadi yanakuwa donge. Donge hilo unalilowesha kidogo lisivunjike, unalifinyanga, kisha unaanza kulizungushia kamba za gome la mgomba, kwanza kwenda juu na chini kama mistari ya boga, halafu kuzunguka kiunoni, halafu kupita chini na juu ya kila kamba kama anayesuka kapu. Ukikaza vibaya, kwa shuti la tatu unafumuka. Ukikaza sawasawa unadumu siku mbili, na siku ya kwanza asubuhi unadunda, kidogo lakini unadunda. Mikono yangu ilikuwa myepesi, kwa hiyo wavulana walinivumilia uwanjani. Anayesuka mpira hawezi kufukuzwa. Nilicheza wingi ya kushoto hadi nilipofika darasa la tano, mwaka ambao nilianza kuitwa jikoni kila jua linapoegemea, na hakuna aliyeniuliza kama nimeridhika. Sikuridhika. Mpaka leo, nikiona mtoto wa kike anaitwa atoke uwanjani akasonge ugali, kifua kinanibana.

Baraza la Mjomba ndilo lililonibakia, na hata pale nilipata nafasi kwa kazi: mimi ndiye niliyekuwa mtunza betri. Miaka ile ya themanini betri zilikuwa adimu na ghali. Zikichoka hazitupwi. Asubuhi ya siku ya mechi nilikuwa nazipanga nne juu ya bati la banda la kuku zipate jua, nazigeuza kila upande kama vitumbua, na jioni zinapata uhai wa kutosha dakika tisini kama hakuna anayepandisha sauti ovyo. Siku moja jua halikutoka. Nikaona nitumie akili, nikaisogeza redio yenyewe karibu na mafiga, betri zikiwa ndani. Hiyo ndiyo kona iliyoyeyuka. Nilitegemea fimbo. Mjomba aliigeuza redio huku na huku, akaisikiliza, ikasema, akaniambia tu, "Leo imezungumza vizuri. Lakini usirudie."

Tulipovuka daraja la Lufilyo nilimwomba dereva apunguze mwendo, naye akapunguza. Mto ulikuwa mtulivu, na mwanamume alikuwa anaosha pikipiki ukingoni. Mwezi wa nne wa mwaka ule wa Banyambala mto huuhuu ulikuwa umevunja kingo, na maji yalikuwa yamezunguka nyumba yetu pande zote. Nyumba kavu ilikuwa moja, ya rafiki yake Mjomba, kwenye mwinuko, mwendo wa robo saa siku za kawaida. Stars walikuwa wanacheza. Mama alisema hakuna anayetoka. Mjomba akavua shati, akaifunga redio ndani yake, akaiweka kichwani, akaniambia nishike mkanda wake wa suruali na nisiuachie hata nikikanyaga nini. Betri nilikuwa nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni, nimeuuma kwa meno. Maji yalinifika kifuani. Yalikuwa ya baridi ya mlimani, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba migomba mizimamizima. Katikati ya njia Mjomba alisimama. Nilidhani amechoka. Alikuwa anasikiliza: kutoka kule mwinukoni, wenzake walikuwa wanatuita kwa majina na kupiga debe ili tuijue njia. Tulifika mechi imeanza, nikawapa betri, mikono inanitetemeka hata nikashindwa kufungua fundo, wakafungua wao. Stars walipofunga bao, wale wazee walinirusha juu nikiwa bado nachuruzika maji.

Wanyakyusa wana neno, ukwangala. Ni raha ya kukaa na wenzako wa rika, kula pamoja, kuongea pamoja, kuwa watu pamoja. Monica Wilson, mtafiti kutoka Afrika Kusini aliyeishi kwetu miaka ya 1930, aliandika jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyokuwa wanatoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, rika moja, na kuzeeka humo pamoja. Vijiji hivyo vilikuwa vimekwisha nilipozaliwa. Lakini Mjomba na wenzake sita walikuwa na redio moja, na sasa naamini lile baraza ndilo lililokuwa kijiji chao. Mimi niliupenda mpira kwa sababu ndio uliowakusanya. Nikisikia mtu anasema alichagua klabu kwa vikombe vyake, namsikiliza tu. Mimi nilichagua watu waliokuwa wanapiga debe mwinukoni, na klabu ikaja pamoja nao.

Kabla ya kufika darajani, Ipinda, gari lilikuwa limesimama kushusha mbolea. Duka lile la kona limebadilika, sasa linauza simu, lakini kibaraza chake cha saruji ni kilekile. Hapo ndipo tuliposikilizia fainali ya Kombe la CAF, Jumamosi ya tarehe 27 Novemba 1993. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Stars walikuwa wamekwisha kurudi kuwa wadogo, na Mjomba amerudi Simba akanivuta pamoja naye. Simba ilikuwa imetoka sare ya 0–0 na Stella kule Abidjan. Nyumbani, Uwanja wa Taifa, Rais Mwinyi akiwa jukwaani, Mwameja golini, Masatu nyuma, Malota Soma na Chumila mbele, nani angetuzuia? Joto lilikuwa kali, lile la kabla ya mvua za kwanza, na kwa mbali juu ya ziwa wadudu walikuwa wamepanda angani kama nguzo za moshi. Ipinda nzima ilikuwa kwenye kibaraza kile. Mwanamume mmoja aliyeniona nimebanana katikati yao akauliza msichana huyu wa nani. Mtu akajibu, "Huyo ni wa redio." Hakuniuliza tena.

Boli Zozo akafunga. Kisha Stella wakapata la pili. Ilikuwa 2–0 kipyenga kilipolia, na nilisikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye redio: uwanja mzima umenyamaza. Mtangazaji alikuwa anaongea peke yake. Mjomba aliizima, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri moja moja, akaniwekea kiganjani. "Kaanike," akasema. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Nilizipokea, nikaenda nyuma ya duka, nikazipanga ukutani gizani, kwa sababu alikuwa ameniambia.

Nyumbani kwa Mjomba nilifika jua linaelekea Songwe. Milima ya Livingstone ilikuwa imesimama wima nyuma ya Matema kama ukuta uliopakwa samli. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Mugonile," akashika kichwa changu, kisha mkono wake ukashuka moja kwa moja kwenye kikapu. Akafungua kanga. Akaipapasa redio kuanzia mpini, swichi, kifuniko, hadi alipofika kwenye kona iliyoyeyuka. Dole gumba likatulia pale. "Ndiyo yenyewe," akasema, kama kwamba fundi angeweza kuibadilisha. Nikamtilia betri mpya nne nilizokuja nazo. Alizinusa kwanza.

Wale saba wamebaki wawili, yeye na yule mwenye nyumba ya mwinukoni. Huyo aliletwa na bodaboda usiku uleule, wakakaa wakisikiliza taarifa ya habari bila kusemezana, magoti yamegusana.

Jumapili baada ya ibada tulikula wali na mbasa wa kukaanga, mjukuu mmoja akamvalisha Mjomba jezi nyekundu juu ya shati la kanisani, tukaenda Matema kwa bajaji. Siku hizi kibanda umiza cha pale kina mabati mapya na skrini kubwa. Kakao ilikuwa imepanda bei na vijana walikuwa wameweka ving'amuzi hadi vijiji vya ndani. Kiingilio kilikuwa buku. Ndani kulikuwa kumejaa hadi dirishani, na wengine wamekalia vyungu vya Wakisi vilivyobaki kutoka gulio la Lyulilo, wamevipindua midomo chini, mwenye vyungu akiwapigia kelele. Wasichana walikuwemo. Walikuwa wengi, wamejichora nyuso, na hakuna aliyewauliza ni wa nani. Niliwatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama skrini.

Mjomba hakutaka kuingia. Tukawaweka, yeye na mwenzake, chini ya mwembe nje ya kibanda, redio katikati yao, TBC Taifa. Hapo nikajifunza kitu ambacho wao walikuwa wanakijua siku zote. Picha ya runinga inapanda angani kwenye setilaiti na kurudi, inapita kwenye kisimbuzi, inachelewa. Redio inafika kwanza. Ni sekunde chache tu, lakini kwenye mpira sekunde chache ni bao. Mechi ilikuwa bado changa Mjomba aliponyanyua mkono juu na kufunga ngumi, kimya. Nikamtazama bila kuelewa. Ndipo kibanda kikalipuka: Joshua Mutale amefunga! Vijana wakatoka mbio kuja mwembeni kumpa habari mzee, wakamkuta anajifuta machozi.

Tangu hapo wakaanza kumwangalia yeye. Mmoja alikaa mlangoni, jicho moja kwenye skrini, jingine kwa Mjomba. Kipindi cha pili Mjomba alishika kichwa. Baadaye kidogo kibanda kikaguna, Yusuph Kagoma ametolewa kwa kadi nyekundu. Steven Mukwala alipotia mpira wavuni na watu wakatoka nje wanakumbatiana na kugaragara mchangani, Mjomba alikuwa ameinua kiganja: bado, subirini. Refa alikuwa ameitwa kutazama VAR. Bao likafutwa. Simba ilikuwa inahitaji moja tu zaidi kusawazisha jumla ya mabao, na ilikuwa na watu kumi, na jua lilikuwa limeanza kushuka.

Dakika za nyongeza zikaingia. Kibandani waliimba kwa pamoja, wanapiga mabati kwa viganja, ule wimbo usio na maneno mengi, jina la timu tu likirudiwa. Nilikuwa nimechuchumaa kati ya wazee wawili. Nilisikia mtangazaji akipandisha sauti, lakini haikuwa sauti ya furaha, ikataja Sidibé, ikataja wavu wetu. Berkane wamesawazisha. Mwenzake Mjomba aliinamisha kichwa. Kijana wa mlangoni akageuka kututazama, uso wake umejaa swali.

Mjomba alipeleka mkono kwenye swichi, akaishusha sauti hadi chini kabisa, kwa upole, kama anayemfunika mtoto. Akamgeuzia yule kijana uso usiokuwa na kitu. Mkono wake mwingine ukanishika kifundo cha mkono, ukakaza.

"Waache, mwipwa," akaninong'oneza. "Waache kidogo."

Ndani walikuwa bado wanaimba.